Barua ya Kartago na sanduku yetu



Mama mmoja wa kundi letu alikaa siku tatu na mtoto mgonjwa pasipo kutuambia. Tulipofika alisema tu: «Niliona haya. Nilishasaidiwa pale tuliporudi, sasa ni zamu ya wengine.» Maneno yake yamenikumbusha habari moja ya zamani sana, ya huku huku Afrika.

Karibu na mwaka 253, katika Numidia (leo sehemu kubwa yake iko Algeria), wavamizi waliteka Wakristo wengi, pamoja na mabinti. Mambo ya namna hii tunayajua, hakuna haja ya kueleza. Maaskofu wanane wa kule hawakuwa na pesa ya kuwakomboa. Basi wakaandika barua kwa Sipriani, askofu wa Kartago, mji uliokuwa pale karibu na Tunis ya leo.

Huyu Sipriani alikuwa mwalimu wa usemi, mtu wa mali. Alipobatizwa, karibu na mwaka 246, mali mingi aligawia maskini. Mwaka 250 Kaisari Decius alilazimisha watu wote watoe sadaka kwa miungu, na Sipriani akakimbia akajificha. Alirudi 251. Na hapo shida ilianza: kulikuwa watu waliobaki wakateswa, kulikuwa walioanguka, na kulikuwa waliomlaumu yeye kwamba alikimbia. Sisi tuliovuka Tanganyika 1996, tukarudi Baraka kwa mashua kutoka Kigoma tangu 2005, si tunajua lawama hiyo? Na kisha tauni ikaingia Kartago.

Kanisa lililochoka hivyo ndilo lililochanga sesterce 100,000, pesa ya Warumi, kiasi kikubwa. Lakini kinachonishangaza si hesabu. Katika barua yake, Sipriani ndiye anashukuru. Anawaambia wale wa Numidia asante kwa sababu wamewashirikisha katika uchungu wao. Maana yake: kama wangenyamaza juu ya haya, Kartago ingekosa kitu. Aliambatanisha majina ya ndugu na dada waliochanga, pamoja na ya maaskofu waliochanga, akaomba wakumbukwe katika maombi. Tena akasema, kama jambo hilo litatokea tena, msisite kutuandikia. Hakuna mahali anapoomba arudishiwe.

Na mimi nilikuwa na kichwa ngumu. Siku ya kwanza kijijini, ndugu yangu aliyebaki wakati wote wa vita alileta vijiti vya muhogo, ili nipande. Nilikataa. Nilisema: wewe mwenyewe uko na njaa, mimi niko na posho ya miezi tatu. Alikaa kimya, kisha akauliza: «Kumbe unaniona mimi ni mtu wa kupewa tu?» Nilipokea vile vijiti usiku, na haya nyingi kuliko ya mama yule. Shamba lile tulikula pamoja mwaka uliofuata.

Kwa hiyo wafadhili, msikasirike kama katika daftari letu jina lenu limeandikwa pamoja na la mzee aliyeleta maharagwe kikombe kimoja. Tunayasoma yote katika maombi ya kundi, bila kutaja kiasi. Mmoja alituandikia akitaka tutaje kiasi. Tulikataa kwa heshima, na sijui kama alifurahi.

Kwa wanachama: sanduku inafunguliwa mbele ya watu watatu, na anayeomba hasimami mbele ya mkutano kueleza umaskini wake. Anaambia mmoja tu wa kamati, inatosha.

Mama yule alikubali mwishoni. Ilikuwa pesa kidogo, ya dawa na ya motari wa kumpeleka hospitali. Mtoto amerudi shuleni. Yeye mwenyewe ameomba awe kati ya wale watatu wa kufungua sanduku.