Hewa ukaa: Nani kapanda, nani kashuka, na kwa nini moshi wa Tabora hauonekani kwenye jedwali

Kila mwaka ukikaribia kuisha, wakati wa mikutano mikubwa ya tabianchi, simu hujaa vichwa vya habari vinavyofanana. China imepanda kidogo. India imepanda zaidi. Ulaya imeshuka. Halafu linakuja jedwali la nchi zote, na Tanzania inaonekana huko chini kabisa, kana kwamba haichomi kitu.

Mkazi wa Itetemia, kata ya Manispaa ya Tabora, akiliona jedwali hilo ana haki ya kushangaa. Mkaa unaingia mjini kwa baiskeli na bodaboda. Msimu wa tumbaku ukifika, mabani huko Urambo, Kaliua na Sikonge yanakula kuni usiku na mchana. Moshi wote huo umeandikwa wapi?

Jibu fupi ni kwamba kwenye jedwali lile haumo. Jibu refu linahitaji kwanza kuelewa namba zenyewe zinapatikanaje.

Asilimia ndogo, mzigo mkubwa

Hesabu ni ya shule ya msingi. Chukua kiasi cha mwaka huu, toa cha mwaka jana, gawanya kwa cha mwaka jana, zidisha kwa 100. Nchi iliyotoa tani milioni 100 mwaka jana na tani milioni 104 mwaka huu imepanda kwa asilimia 4. Basi.

Tatizo ni kwamba asilimia haikuambii ukubwa wa mzigo. China hutoa takriban tani bilioni 12 za hewa ukaa kwa mwaka, karibu theluthi ya dunia nzima. Ikipanda kwa nusu asilimia tu, hizo ni tani milioni 60. Tanzania yote, ukijumlisha petroli, dizeli, gesi, makaa ya mawe na saruji, iko chini ya tani milioni 25 kwa makadirio mengi. Yaani nusu asilimia ya China, ambayo mwandishi wa habari ataiita "hakuna mabadiliko", ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania nzima.

Geuza upande wa pili. Tanzania ikipanda kwa asilimia 10, kichwa cha habari kitatisha. Kumbe ni nyongeza ya tani milioni mbili na ushee. Nchi inayoanza chini hupanda kwa asilimia kubwa hata kwa kujenga kiwanda kimoja cha saruji.

Kuna mabadiliko mengine madogo kiasi kwamba kalenda peke yake inatosha kuyaleta. Mwaka 2024 ulikuwa mrefu, wenye siku 366. Siku moja ya ziada ni karibu asilimia 0.3 ya mwaka, kwa hiyo nchi inaweza "kupanda" kwa sababu tu ya Februari 29. Wanasayansi wa mradi wa kimataifa wa Global Carbon Project hurekebisha jambo hilo kabla ya kutoa asilimia zao. Si kila anayezinakili namba hizo anakumbuka.

Unaanza kuhesabu mwaka gani?

Mwaka 2020, dunia ilipojifungia kwa sababu ya korona, hewa ukaa kutoka kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe ilishuka kwa takriban asilimia 5. Mwaka 2021 ikapanda kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Waliosoma habari ya 2021 peke yake walidhani viwanda vimechachamaa ghafla, kumbe mzigo ulikuwa unarudi pale ulipokuwa. Tena kushuka na kupanda havilingani kihesabu: gunia la kilo 100 likipungua hadi 90 limeshuka asilimia 10, lakini likirudi 100 limepanda asilimia 11.

Urusi nayo inapenda kulinganishwa na mwaka 1990. Si ajabu. Muungano wa Kisovyeti ulivunjika 1991, viwanda vikafungwa, na hewa ukaa ikaanguka bila sera yoyote ya mazingira. Ukianza kuhesabu 1990 Urusi inaonekana mwanafunzi bora, na ukianza 1998, uchumi ulipokuwa hoi, picha ni nyingine.

Uingereza imeshuka kweli. Septemba 30, 2024 ilifunga kituo chake cha mwisho cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar. Lakini sehemu ya bidhaa ambazo Waingereza wananunua leo hutengenezwa Asia, na moshi wake huandikwa huko zilikotengenezwa.

Hapa kwetu kupanda na kushuka kwa mwaka mmoja mara nyingi kulikuwa suala la mvua. Ukame wa 2006 na ule wa 2011 ulikausha mabwawa ya umeme, mgawo ukaingia, na jenereta za mafuta zikaunguruma kila mtaa. Hewa ukaa ikipanda mwaka kama huo, si kwa sababu nchi imetajirika. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024, linaweza kusukuma namba upande wa pili, mvua zikinyesha vizuri.

Kwa kila kichwa

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Gawanya, na kila Mtanzania anapata chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutoka kwenye mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji. Mhindi ana takriban tani 2, Mchina tani 8, Mmarekani tani 14.

Tabora ina sababu yake ya kuitazama Oman. Wafanyabiashara Waarabu waliojenga Kazeh katika karne ya 19, mji uliokuja kuwa Tabora, wengi asili yao ilikuwa huko, wakipitia Unguja na Bagamoyo kufuata pembe za ndovu na watumwa. Leo Oman ina watu wapatao milioni 5, na hewa ukaa yake ni mara kadhaa ya ile ya Tanzania yenye zaidi ya milioni 60. Mafuta na gesi ndiyo tofauti.

Na ukijumlisha yote yaliyotolewa tangu 1750, Marekani peke yake ina karibu robo. Afrika nzima ina takriban asilimia 3.

Moshi ni wa nani?

Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji iliendeshwa kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Reli ilifika Tabora 1912. Sasa mizigo ya Kongo inapita Tanzania kwa malori, na hapo kanuni za kuhesabu zinaleta kitu ambacho wengi hawakijui: dizeli huhesabiwa kwa nchi ilikouzwa. Lori la shaba linalojaza tangi Tunduma linaandikwa Tanzania, hata kama mzigo ni wa Lubumbashi na mnunuzi yuko Asia. Mafuta ya meli inayoubeba mzigo huo kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda ng'ambo hayaandikwi kwenye jumla ya nchi yoyote. Safari za kimataifa za meli na ndege zina safu yao pembeni.

Makaa ya mawe ya Ruvuma yanayopakiwa Mtwara kwenda nje huandikwa kule yanakochomwa. Tumbaku ya Tabora ni kinyume chake. Inakaushwa hapa kwa miti ya hapa, halafu jani linasafirishwa na kuvutwa na watu wa mbali. Jani limeondoka, kisiki kimebaki kwenye hesabu ya Tanzania.

Kwa nini mkaa na kuni havimo

Majedwali yanayosambaa sana mitandaoni huhesabu kaboni iliyotoka ardhini: mafuta, gesi, makaa ya mawe, pamoja na saruji. Hewa ukaa ya kuni na mkaa haiingizwi kwenye jumla ya nishati. Kanuni za kimataifa zinasema mti uliokatwa uhesabiwe upande wa ardhi na misitu, ili usihesabiwe mara mbili, porini na tena jikoni.

Mantiki ipo. Mti ukichipua tena unairudisha hewa ileile, na miti ya miombo kama myombo na mtundu huchipua vizuri kutoka kwenye visiki ikiachwa. Lakini shamba likishalimwa na visiki vikang'olewa, hakuna kinachorudi.

Kiasi chenyewe si kidogo. Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni ikiungua inakuwa tani 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu inajiunga na oksijeni. (Hapa pana mtego mwingine: majedwali mengine huandika tani za kaboni, mengine tani za hewa ukaa. Ukichanganya, unakosea karibu mara nne.) Tanuru la kienyeji la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kutoka kilo 100 za mti. Kwa hiyo kilo moja ya mkaa sokoni imekula kilo 5 hadi 10 za mti, ambazo ni kilo 9 hadi 18 za hewa ukaa kama mti huo haukuota tena.

Tathmini ya taifa ya misitu ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, zaidi ya nusu ya eneo lake. Katika kipimo rejea ambacho nchi iliwasilisha Umoja wa Mataifa, misitu iliyopotea kati ya 2002 na 2013 ilikuwa wastani wa hekta 469,000 hivi kwa mwaka, sawa na zaidi ya tani milioni 40 za hewa ukaa kila mwaka. Linganisha na ile tani milioni 25. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya Tanzania iko kwenye daftari ambalo vichwa vya habari havilifungui.

Jirani ni mfano mkubwa zaidi. Kongo, kwa mafuta na makaa ya mawe, ni miongoni mwa nchi za chini kabisa duniani kwa kila mtu. Lakini ukihesabu ukataji wa misitu, Kongo pamoja na Brazili na Indonesia ndizo nchi tatu zinazobeba zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya dunia inayotokana na mabadiliko ya matumizi ya ardhi.

Daftari la misitu lina udhaifu wake. Mafuta yana risiti. Msitu hupimwa kwa setilaiti na kwa watu wanaoingia porini na futi kamba kupima unene wa miti, kisha wataalamu, wakiwemo wa Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, wanakokotoa. Hesabu ya dunia ya mafuta na makaa ya mawe inaaminika kwa kosa la takriban asilimia 5. Ile ya ardhi ina kosa kubwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo anayedai kujua kama Tabora "imepanda" au "imeshuka" kati ya mwaka jana na mwaka huu anabahatisha. Kwa misitu, miaka 10 ndiyo inayosema kitu.

Mtungi wa gesi utaipandisha Tanzania

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishapewa agizo la kuachana na kuni na mkaa.

Sasa tazama kitakachotokea kwenye jedwali. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa takriban kilo 3 za hewa ukaa. Mama wa Itetemia akiweka mtungi wa kilo 6 mahali pa mkaa, Tanzania inaongezewa kilo 18 kwenye jedwali la mafuta na gesi, mtungi kwa mtungi, hadi mamilioni ya mitungi. Mkaa aliouacha haukuwemo kwenye jedwali hilo, kwa hiyo hakuna kinachopunguzwa. Nchi itaonekana imepanda. Kumbe kilo moja ya gesi inapika chakula ambacho kingetaka kilo kadhaa za mkaa, na nyuma ya kila kilo ya mkaa kuna mti mara tano hadi kumi ya uzito wake.

Jambo hili lina fedha ndani yake. Katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, jirani na Tabora, vijiji vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vinalipwa kupitia biashara ya kaboni, na malipo yametumika kwa zahanati na shule. Malipo hayo hayatokani na jedwali la mafuta hata kidogo. Yanatokana na kulinganisha msitu uliobaki na msitu ambao ungepotea kama hakuna aliyeulinda. Kijiji chochote cha Uyui au Sikonge kitakachokaribishwa kwenye mkataba wa aina hiyo kina swali la kuuliza kabla ya kutia saini: huo "ungepotea" umekadiriwa na nani, na kwa kuanzia mwaka gani?