Busati la Wafugaji na Ngozi za Mbulu

Sisi tuliosoma hapa Endagikot, tukitajiwa Uajemi, aghalabu hukumbuka Washirazi wa Kilwa, majahazi ya pepo za kaskazi na mazulia ya majumba ya kifalme. Ni kweli mazulia hayo yalifika pwani yetu. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1886, aeleza jinsi sakafu za majumba ya Unguja zilivyotandikwa mazulia ya Kiajemi na mikeka laini. Hata maneno yenyewe yalikuja na biashara hiyo: zulia lina asili ya Kiajemi, na busati ni la Kiarabu.

Lakini liko busati jingine la Kiajemi ambalo halikufumwa kwa ajili ya mfalme, nalo ndilo lenye somo kwetu watu wa Mbulu. Nililiona Unguja katika safari ya kazi, limekunjwa juu ya sanduku. Halina manyoya kama zulia; limefumwa bapa, nalo lina mistari tu: kahawia, rangi ya udongo mwekundu, manjano iliyofifia, na nyeupe ya sufu isiyotiwa rangi. Waajemi huliita jajimu.

Jajimu ni kazi ya wafugaji wanaohamahama, kama Washahseveni wa kaskazini-magharibi ya Iran, ambao majira ya joto walipandisha mifugo mlima Savalan na majira ya baridi wakaishusha hadi nyanda za Mughan. Wafumaji walikuwa wanawake. Kitambo chao cha kufumia kilikuwa chembamba, kwa kuwa kilipaswa kufungwa na kubebwa na mnyama siku ya kuhama. Kwa hiyo walifuma vipande virefu vyembamba, wakavishona ubavu kwa ubavu. Mistari hufuata nyuzi za mtande, zilizopangwa kwa rangi kabla ya kuanza kufuma. Wekundu ulitoka katika mizizi ya mmea, manjano katika maganda ya komamanga, na kahawia katika maganda ya jozi au katika sufu ya kondoo mweusi. Kazi yake ilikuwa kufunika matandiko hemani.

Leo mabusati hayo huuzwa kwa bei kubwa Ulaya na Marekani. Hata hivyo, jina la mwanamke aliyefuma ni nadra sana kujulikana. Huandikwa tu kwamba ni kitu cha kale cha Kiajemi. Busati limesalia, habari za mwenyewe zimepotea.

Ndugu zangu, sisi nasi ni wafugaji. Mbona babu zetu hawakufuma sufu? Jibu ni jepesi: kondoo wetu wa asili wana nywele fupi, si sufu ya kusokota. Basi bibi zetu walitumia ngozi. Waliikwangua, wakailainisha kwa mafuta, wakaishona. Wasichana wa Kiiraqw waliokuwa katika unyago ulioitwa marmo walivaa sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga. Shanga hizo zilitoka ng'ambo, zikapitia pwani ileile iliyopokea mazulia. Unyago huo ulikomeshwa wakati wa utawala wa Waingereza. Sketi kadhaa zimo katika majumba ya makumbusho ya nchi za nje, nazo, kama jajimu, zimetajwa kwa kabila tu.

Katika kazi yangu serikalini nimejifunza kwamba kisichoandikwa hakina wa kukitetea. Jalada lisilo na jina huwekwa kando. Ndivyo ilivyo kwa ngozi iliyotundikwa nyumbani kwa bibi huko Kainam au Murray: akifa yeye, yabaki ngozi tu, na mjukuu huiuza au huitupa.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa wanafunzi wa sasa na kwa wenzangu wa zamani. Tutakapokutana tena, kila mmoja aje na karatasi moja kuhusu kitu kimoja cha kale cha nyumbani kwao: jina la aliyekitengeneza, ngozi ya mnyama gani, kilitumika kwa nini, na ni nani aliyesimulia. Kitu chenyewe kibaki kwa mwenyewe. Karatasi ziwekwe katika maktaba ya shule. Wazee wanaojua majina hayo ni wachache, wala hawatatungojea.