Diski ya MB 850 na neno moja lililoandikwa juu yake

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za programu zimenibana. Leo sitaandika juu ya programu bali juu ya chuma: diski ngumu ya zamani ya IDE, ile yenye kebo pana kama utepe. Ukivumilia hadi mwisho utaelewa kwa nini fundi wa kompyuta anapaswa kujua historia.

Nilikuwa nyumbani Makindu kwa likizo. Mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha maji huko kwetu, alikuja na mkebe wa Kimbo. Ndani, ndani ya kipande cha leso, kulikuwa na diski. "Mwanangu," akasema, "majina yetu yamo humu. Watoe."

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka ya tisini watu walichanga pesa za kuvuta maji. Daftari la karatasi lililiwa na mchwa. Sasa mabomba yanawekwa upya, na waliochanga mwanzo wana haki ya kuunganishiwa bila kulipa tena. Kuna mjane mmoja ambaye mumewe alichanga, lakini risiti hana, na kamati imegawanyika. Orodha kamili iliwahi kuchapwa kwenye kompyuta ya 486 ya mitumba, nayo ilikufa zamani, saplai ya umeme ikiungua. Kilichobaki ni diski. Kwa mtu wa Ukambani, maji si jambo la mzaha.

Juu ya diski kulikuwa na kibandiko cha kiwandani: silinda 1654, vichwa 16, sekta 63. Zidisha, kisha uzidishe kwa baiti 512 za kila sekta, unapata karibu MB 853. Kando yake fundi fulani alikuwa amebandika kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu: NORMAL 1024. Nikafurahi. Nilidhani anasema diski ni nzima.

Nilikuwa na Pentium III kuukuu yenye Windows 98, naiweka kwa kazi za namna hii. Nikagusa bati la kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini, nikachomeka kebo (mstari mwekundu uelekee pini ya 1, ambayo kwa kawaida iko upande wa soketi ya umeme), nikawasha. Kompyuta ikakwama. Haikuona diski mpya, na ile yake yenyewe haikuiona pia.

Hapa ndipo historia inaanza.

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya IBM mwaka 1956, sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, uzito wake karibu tani moja, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Mwaka 1980 kampuni ambayo leo tunaijua kama Seagate ikatoa ST-506, diski ya inchi 5.25 yenye MB 5, ndogo ya kutosha kuingia kwenye kompyuta ya mezani. Lakini ST-506 haikuwa na akili yake. Kadi nyingine ndani ya kompyuta ndiyo iliyoiongoza kwa kebo mbili, na mara nyingi ukibadilisha kadi ilibidi uifomati diski upya.

Katikati ya miaka ya themanini, Compaq na Western Digital walihamisha ile kadi na kuiweka kwenye diski yenyewe. Kebo ikabaki moja ya pini 40. Hiyo ndiyo IDE, ambayo mwaka 1994 ilipata kiwango rasmi kwa jina la ATA. Urahisi huo ulizaa swali jipya: diski mbili zikikaa kwenye kebo moja, kila moja na akili yake, nani ataitika zikiitwa? Jibu lilikuwa kijiplastiki chenye chuma ndani, jampa. Ukikiweka huku, diski ni Master. Ukikiweka kule, ni Slave. Bwana na mtumwa, majina mabaya kwetu tunaoijua historia ya pwani, na maandishi ya kiwango chenyewe baadaye yalizungumza juu ya Kifaa 0 na Kifaa 1.

Basi diski ya mama ilikuwa peke yake ndani ya ile 486, kwa hiyo jampa yake ilikuwa ya Master. Diski yangu nayo Master. Zote mbili ziliitika kwa pamoja. Nikachukua koleo ndogo, nikahamisha jampa, nikawasha tena. Zikaonekana zote mbili. BIOS ikaandika MB 853 bila taabu.

Nikaingia DOS na kuandika DIR D: nikitarajia majina. Nikajibiwa kwamba aina ya diski si halali.

Kijana wa jirani aliyekuwa ananishikia tochi akasema, "Kaka, ifomati tu, pengine itafunguka." Wasomaji, naomba niseme ukweli: kwa sekunde kadhaa nililifikiria. Mama mwenyekiti alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha plastiki, ananiangalia. Nikazima mashine, nikaomba chai.

Wakati nakunywa nikasoma tena plasta ile. NORMAL 1024. Kama ni kusema diski ni nzima, 1024 ni ya nini?

BIOS ya kompyuta za IBM ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ilikubali silinda zisizozidi 1024 na sekta 63, lakini vichwa ingeweza kuhesabu hadi 256. ATA nayo ilikubali silinda nyingi mno, lakini vichwa 16 tu. Kila upande ulikuwa na nafasi tele kivyake. Zikikutana, kila kipimo kinafuata kilicho kidogo: 1024 mara 16 mara 63 mara 512. Jibu ni baiti 528,482,304. Hiyo ndiyo ile "MB 528" iliyowasumbua mafundi wengi. Ni kama reli zetu: ya zamani inayopita Makindu ina upana wa milimita 1000, SGR iliyofunguliwa 2017 ina 1435. Kila moja ni nzuri kivyake, lakini behewa la moja haliendi kwenye nyingine.

Karibu mwaka 1994 dawa ikapatikana. BIOS mpya zilianza kutafsiri hesabu: zinapunguza silinda na kuongeza vichwa, ili diski kubwa ipite. Ndiyo maana kwenye mipangilio ya BIOS za miaka hiyo unakuta maneno NORMAL, LARGE na LBA. NORMAL maana yake ni bila tafsiri.

Sasa nikaelewa. Ile 486 haikujua tafsiri. Fundi aliweka diski kama NORMAL, silinda 1024, na watu walionunua MB 850 wakatumia 528. Zaidi ya MB 300 hazikuwahi kuguswa. Pentium yangu ilipoikuta diski ilijichagulia LBA, ikaisoma kana kwamba ina silinda 827 na vichwa 32. Diski haikuwa na kasoro yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisoma kwa hesabu isiyo yake. Na kama ningeifomati, ningeandika juu ya majina ya watu.

Nikaingia BIOS, nikaondoa AUTO, nikaweka silinda 1024, vichwa 16, sekta 63, hali NORMAL. DIR D: tena. Mafaili yakateremka kwenye skrini.

Kabla ya kufungua chochote nilinakili kila kitu kwenye diski yangu. Orodha ilikuwa faili la Lotus 1-2-3, na LibreOffice kwenye kompyuta yangu ya kila siku ililifungua. Jina la marehemu lilikuwemo, shilingi 1,500 kwa awamu tatu. Nikaichapa orodha yote nakala mbili. Mama mwenyekiti hakusema mengi. Alipitisha kidole kwenye majina taratibu, akisema huyu yuko, huyu alishakufa, huyu alihamia Mombasa.

Vizuizi havikuishia hapo. Baadaye kulikuwa na ukuta wa GB 8.4, kisha wa GB 137, uliovunjwa na ATA-6 mwaka 2002. SATA ilipoingia mwaka 2003, kila diski ilipata kebo yake na jampa za Master na Slave zikaisha kazi. Sisi waandishi wa programu hupenda kucheka namba kama 1024 na kuuliza nani alipanga ovyo hivi. Hakuna aliyepanga ovyo. Kila mmoja alidhani nafasi aliyoacha inatosha, na hakumwuliza mwenzake.

Fundi wa ile plasta simjui. Lakini maneno yake mawili ndiyo yaliyookoa kazi, kuliko ujuzi wangu wote. Kwa hiyo ukifunga diski, andika juu yake ulivyoipanga. Nami nimebandika plasta mpya chini ya ile ya zamani, yenye neno zima: "BIOS: NORMAL, silinda 1024, vichwa 16, sekta 63. Usifomati."

Diski imerudi ndani ya mkebe. Haya, tukutane tena siku nyingine.