Jamvi Chini ya Karafuu

Simulizi za karafuu za Zanzibar zina njia yao iliyozoeleka. Huanza na Seyyid Said, sultani wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, zikafika kwenye kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu mingi ya kisiwa hicho na kuiachia Pemba ukubwa wa zao, kisha zikagusa kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1897 na suala la nani angechuma baada ya hapo. Wachumaji, mashamba, majahazi na ushuru vyote vimo. Jamvi halimo, au likitajwa hutajwa kwa kupita. Nadhani hapo pana pengo, kwa sababu katika kazi ya kuanika, kile kilichotandikwa chini kimeamua bei ya bidhaa na hadhi ya mlaji wake kwa kiasi ambacho jua peke yake halikuweza.

Tuanze na kazi yenyewe. Karafuu ikishachumwa huchambuliwa, makonyo yakatengwa na tumba, kisha tumba zikaanikwa kwa siku kadhaa. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji yanayopaswa kuondoka: kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Maji hayo yakikwama, tumba huvunda, ikapauka na kujikunja, na mnunuzi akaishusha daraja. Jamvi la miyaa lilikuwa jibu zuri kwa tatizo hili. Kili, yaani mikanda ya miyaa iliyosukwa, zikishonwa pamoja huacha matundu madogo ya hewa, kwa hiyo unyevu haujikusanyi chini. Karafuu haigusi udongo. Na kubwa zaidi, jamvi hukunjwa. Msimu wa kuchuma hukutana na mvua za vuli, na Pemba ni kisiwa cha mvua nyingi. Wingu likitanda, mwanikaji hana muda wa kuzoa tumba moja moja. Anashika pembe za jamvi na kuingiza mali ndani. Kazi ya kusuka, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wanawake, ilikuwa hivyo sehemu ya uchumi wa karafuu sawasawa na ngazi na magunia, ingawa haikuandikwa kwenye vitabu vya forodha.

Mtu anaweza kupinga kwamba jua na ustadi wa mwanikaji ndivyo vinavyotangulia, na kwamba kitandiko ni jambo dogo. Hoja hiyo ingesimama kama vitandiko viwili chini ya jua moja vingetoa kitu kimoja. Mwambao wa Ziwa Victoria unaonyesha vingine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana, na kwa miaka mingi waliotandazwa moja kwa moja mchangani waliishia sana kwenye chakula cha kuku, maana mchanga uliowashika hauoshwi ukaisha. Wale waliolazwa juu ya nyavu, au bora zaidi kwenye kichanja kilichoinuliwa ili hewa ipite juu na chini, walikauka upesi zaidi na kubaki safi kwa meza ya watu. Ziwa ni lilelile, samaki ni yuleyule, na jua halikuchagua. Vichanja vya kahawa huko Kilimanjaro vinafuata kanuni hiyohiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: sakafu ya saruji hushika joto, haiozi wala haihitaji msusi. Kweli, siku ya jua kali sakafu hukausha haraka. Lakini haikunjwi mvua ikija, na mkulima mwenye mikarafuu michache hana sababu ya kuimwaga saruji kwa kazi ya wiki chache. Alipokosa jamvi, aligeukia barabara ya lami, ambayo nayo ina joto, pamoja na vumbi, mafuta ya magari na kinyesi cha mbuzi. (Mnunuzi wa ng'ambo hajui barabara ipi, ila ladha na uchafu anavijua.) Kwa zao linalonunuliwa kwa daraja, kama linavyofanya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, akiba ya kutonunua jamvi hulipwa kwenye mizani.

Mashine za umeme za kukaushia vyakula nyumbani zimeondoa mvua na vumbi, lakini hazikuondoa swali la kitandiko. Anayenunua huuliza wati na idadi ya trei, akasahau cha kutandika juu yake, na huko ndiko vipande vya embe hugandia. Kwa vipande, chagua wavu wa plastiki uliotengenezwa kwa ajili ya chakula au wa chuma cha pua, ili hewa ipite pande zote. Kwa rojo la matunda, tandika karatasi ya silikoni isiyovuja, kisha uligeuze likishashikana. Wavu wa madirishani uliopakwa zinki, hata uwe rahisi vipi, usiuweke chini ya embe wala nanasi: asidi ya tunda huyeyusha zinki, nayo huingia kwenye chakula.