Haki ya Mteja Kumjua Wakili: Jina la Kitaaluma katika Ofisi Ndogo za Uwakili

Tarehe 22 Februari 1976, mawakili wawili vijana wa Phoenix, jimboni Arizona, John Bates na Van O'Steen, walichapisha katika gazeti la Arizona Republic orodha ya huduma zao na bei zake. Talaka isiyo na ubishi ilikuwa dola 175, na juu yake dola 20 za mahakama. Kubadili jina dola 95. Walikuwa wamefungua ofisi yao miaka miwili kabla, wakiwalenga watu wa kipato cha kati: wale ambao hawakustahili msaada wa kisheria wa bure, na ambao ada za ofisi kubwa ziliwashinda. Walipanga kupata faida ndogo kwa kila shauri, kuchukua mashauri mengi, na kufanya kazi za kawaida kwa fomu na wasaidizi. Mpango huo ulihitaji wateja wengi, na wateja hawakuja kwa sababu hawakujua kwamba ofisi ya namna hiyo ipo. Chama cha mawakili cha jimbo kiliwafungulia mashtaka ya nidhamu. Mwaka uliofuata, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba tangazo la kweli la bei za huduma za kawaida lina kinga ya katiba.

Shauri hilo hutajwa sana kama ushindi wa uhuru wa kujieleza. Kwa anayeendesha ofisi ndogo ya uwakili, funzo lake liko kwenye orodha yenyewe ya bei. Bates na O'Steen hawakujisifu kwamba wao ni hodari kuliko wenzao. Walimwambia msomaji mambo matatu ambayo mtu mwenye shida ya kisheria huyahitaji kabla hajagonga mlango: kazi gani inafanywa hapa, itagharimu kiasi gani, na anayeifanya ni nani. Hoja ya makala haya ni kwamba jina la kitaaluma la ofisi ndogo hujengwa kwa taarifa ambazo mteja ana haki ya kuzipata kabla ya kulipa, na kwamba kanuni za taaluma zetu zinapaswa kuzifungulia njia taarifa hizo huku zikibaki kali dhidi ya mengine yote.

Kenya imekwisha kuipita nusu ya njia hiyo. Kanuni za Utendaji za Mawakili za mwaka 1966, zilizorithi mila ya Uingereza, zilimkataza wakili kujitangaza kwa namna yoyote. Ni mila ambayo Waingereza wenyewe walianza kuiacha mwaka 1984, mawakili wao wa ofisini (solicitors) waliporuhusiwa kutangaza huduma zao. Katika shauri la katiba la Okenyo Omwansa George na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililofunguliwa mwaka 2012, Mahakama Kuu ya Nairobi chini ya Jaji David Majanja iliona kwamba katazo la jumla linapingana na Katiba ya 2010. Uamuzi huo uliegemea Ibara ya 46, inayompa mtumiaji wa huduma haki ya kupata taarifa zinazomwezesha kunufaika nayo, na Ibara ya 48, inayohusu upatikanaji wa haki. Mahakama iliitazama huduma ya wakili kutoka upande wa anayeihitaji. Mwaka 2014 zikatoka kanuni mpya za mawakili kuhusu kutafuta soko na kujitangaza.

Naliona shauri la Okenyo kuwa na maana kubwa kuliko inavyodhaniwa na wengi wanaolifundisha. Likisomwa kama ruhusa kwa wakili, litazaa mabango, nembo na picha za mawakili wenye suti wakiwa wamekunja mikono. Likisomwa kama haki ya mteja, swali linageuka: je, mama wa Nakuru anayetaka kuhamisha hati ya shamba la marehemu mumewe amejua nini baada ya kuliona tangazo lako? Kama amejua jina lako na rangi za nembo yako tu, haki yake ya Ibara ya 46 haijaguswa hata kidogo.

Wanaotetea katazo la zamani husema kujitangaza kunashusha hadhi ya taaluma na kwamba wenye fedha watawameza wadogo. Hofu ya hadhi ni ya kweli, nami nitairudia. Ile ya wakubwa kuwameza wadogo imepindua mambo. Katazo halikuwahi kuwagusa wakubwa. Ofisi kubwa za Nairobi na Dar es Salaam hupangwa kwa madaraja katika orodha za kimataifa kama Chambers Global na The Legal 500. Hudhamini makongamano, na wakuu wake hukutana na wakurugenzi wa mabenki kwenye hafla za jioni. Hayo yote ni kujitangaza, ila hayajawahi kuitwa hivyo. Wakili aliyefungua chumba kimoja Morogoro juu ya duka la dawa hana kongamano la kudhamini. Ukimziba mdomo umemlinda nani?

Hata kwenye bei, mdogo amefungwa mikono. Nchini Kenya, kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinamzuia wakili kujinadi kwamba yuko tayari kufanya kazi kwa ada iliyo chini ya ile iliyowekwa kisheria. Kwa hiyo kushindana kwa urahisi wa bei si njia, na sioni sababu ya kulilalamikia hilo, maana wakili anayekubali ujira usiotosha kwa kawaida hulipunja shauri lenyewe. Kinachobaki ni uhakika wa bei. Wateja wengi wa kipato cha kati hawaogopi ada kubwa kama wanavyoogopa ada isiyojulikana: leo unaombwa nauli ya wakili, kesho fedha ya kufungua jalada, wiki ijayo kitu kingine ambacho hakikutajwa. Ofisi inayomwandikia mteja, katika kikao cha kwanza kabisa, hatua za shauri lake, ada ya kila hatua, na gharama za mahakama ambazo haziingii mfukoni mwa wakili, imempa kitu ambacho hakukipata alikopita kabla. Huyo ndiye atakayewasimulia wenzake msikitini, kanisani na kwenye kikoba.

Ila huwezi kuandika karatasi ya namna hiyo kwa kila aina ya shauri. Hapo ndipo ofisi ndogo nyingi hukwama: zinachukua jinai asubuhi, mirathi mchana na usajili wa kampuni jioni, na kila jalada linaanzwa upya kama halijawahi kufanywa. Woga wa kumkataa mteja unaeleweka mwezi wa kwanza, lakini ukidumu miaka mitano unaua jina.

Tuchukue migogoro ya kazi nchini Tanzania. Mfanyakazi anayedai kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kuufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Akichelewa, itambidi kwanza aombe kupokelewa nje ya muda, na ataeleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Kenya, kwa madai ya namna hiyo chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, muda ni miaka mitatu. Tofauti ni kubwa mno, na Mtanzania wa kawaida anayefanya kazi kiwandani hana habari kwamba saa yake inakwenda mbio kiasi hicho. Hutumia wiki mbili akimbembeleza meneja, wiki ya tatu akienda kijijini kutafuta utulivu, na anapoingia kwa wakili muda umekwisha.

Wakili mmoja mwenye ofisi karibu na viwanda vya Kibaha au Mkuranga anaweza kuifanya taarifa hii kuwa jina lake. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha: siku 30, tangu lini zinahesabiwa, nyaraka gani za kuja nazo (mkataba, barua ya kuachishwa, hati za mshahara), na ada ya ofisi kwa usuluhishi na kwa uamuzi. Karatasi hiyo iseme pia kwamba mfanyakazi anaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi au mtu mwingine aliyemchagua, bila wakili. Wapo watakaosema hapo wakili anajinyima riziki. Sikubaliani nao. Mwenye shauri jepesi ataondoka na karatasi na atakwenda mwenyewe, kweli. Lakini atamtaja aliyemwambia ukweli, na yule mwenye shauri gumu, mwenye tuhuma za wizi au mkataba wenye utata, atarudi ofisini akiwa ameshaamini. Maelezo ya namna hii, yakitolewa kila wiki kwenye redio ya mkoa, yana uzito kuliko bango lolote, kwa sababu msikilizaji anaweza kuyapima kwa shida yake mwenyewe.

Lugha ni sehemu ya jambo hilihili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapohitaji. Hata hivyo bado mteja hupewa mkataba wa uwakili wa kurasa nne za Kiingereza, akaambiwa atie saini. Ofisi ndogo itakayoandika mikataba, ankara na barua za maendeleo ya shauri kwa Kiswahili safi itakuwa imejitofautisha bila kutumia shilingi moja ya matangazo.

Hadhi, basi. Kinachoichafua taaluma yetu machoni mwa wananchi ni vishoka, watu wasio mawakili wanaozunguka nje ya mahakama na mihuri ya kughushi. Dawa yake ni kumfundisha mteja kuhakiki. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili, na Kenya chama cha mawakili, LSK, kina orodha ya kutafutia mawakili mtandaoni. Kote wakili halali huonekana pamoja na hali ya leseni yake. Wakili aandike namba yake ya uwakili kwenye kila barua na amwombe mteja aihakiki kabla hajalipa. Kishoka hawezi kuomba hivyo.

Kuna kujitangaza ambako nakupinga bila kusita. Siku hizi wakili hushinda shauri, na kabla ya saa moja kupita picha yake na mteja iko mitandaoni, pamoja na kiasi cha fidia. Wengine hujitetea kwamba hukumu ni waraka wa umma na inapatikana kwa yeyote kwenye tovuti za hukumu za TanzLII au Kenya Law. Utetezi huo hautoshi. Kwamba hukumu inasomeka na wote hakumwondolei wakili wajibu wa kutunza siri za aliyemwamini, na mteja aliyefurahi ukumbini si mtu aliyetafakari kitakachompata mtaani wakijua ana milioni arobaini. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini hata zisingekuwepo, aliye kwenye foleni ya kuja kwako anaitazama picha hiyo na kujiuliza kama na yake itawekwa.

Na jina lolote huvunjikia kwenye fedha ya mteja. Miongoni mwa malalamiko ambayo kamisheni ya malalamiko dhidi ya mawakili nchini Kenya imekuwa ikiyapokea ni wakili kuzuia fedha za mteja na kutompa taarifa za shauri lake. Ujumbe mfupi kila baada ya tarehe ya mahakama, hata wa kusema tu kwamba shauri limeahirishwa na kwa nini, ni kazi ya dakika tatu. Hakuna mtaalamu wa masoko atakayeziba pengo la ofisi isiyoutuma.

Linabaki swali la mpaka kati ya kutoa taarifa na kuwinda wateja. Mwaka 1978, mwaka mmoja tu baada ya Bates, mahakama ileile ya Marekani iliidhinisha adhabu aliyopewa Ohralik, wakili aliyemfuata hospitalini msichana wa miaka 18 aliyeumia katika ajali ya gari ili amkabidhi shauri lake. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na madalali wanaowahi wodini na kwenye misiba. Mwaka 1995 mahakama hiyo iliikubali kanuni ya Florida inayomzuia wakili kuwaandikia majeruhi wa ajali au ndugu zao kabla ya siku 30 kupita. Ningependa TLS, chama cha mawakili cha Tanzania Bara, na LSK ziige kinga hiyo kwa ajali na vifo, na zimhusishe nayo dalali pamoja na wakili anayemtuma. Madai ya madhara katika nchi zote mbili kwa kawaida yana miaka mitatu, kwa hiyo kimya cha mwezi mmoja hakimpotezei mfiwa chochote. Lakini kinga hiyo isiandikwe kwa maneno ya jumla. Kwa mfanyakazi wa Kibaha aliyeachishwa kazi jana, siku 30 za kimya cha mawakili ndizo siku 30 zote alizopewa na sheria.