Mwalimu Aliyeongoza Serikali: Bibi Agathe Uwilingiyimana

Katika historia ya wanawake walioshika hatamu za uongozi barani Afrika, sisi walimu tuna haki ya kumtaja mwenzetu mmoja kwa fahari: Bibi Agathe Uwilingiyimana wa Rwanda. Alizaliwa mwaka 1953 huko Nyaruhengeri, mkoani Butare. Alisoma katika shule ya wasichana ya Notre Dame de Cîteaux mjini Kigali, kisha akawa mwalimu. Mwaka 1985 alipata shahada ya kemia katika Chuo Kikuu cha Taifa, zama ambazo wasichana waliosomea sayansi nchini mwake walikuwa wachache mno. Huko Butare alianzisha pamoja na walimu wenzake ushirika wa akiba na mikopo, na mwaka 1989 akapewa ukurugenzi katika Wizara ya Biashara.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1991, njia ya siasa ilifunguka, naye akajiunga na MDR, chama cha upinzani. Aprili 1992 serikali ya mseto iliundwa, akateuliwa Waziri wa Elimu ya Msingi na Sekondari. Wakati huo nafasi za sekondari, ambazo zilikuwa haba, ziligawanywa kwa kufuata kabila na mkoa. Mtoto aliyefaulu vizuri aliweza kuachwa, na aliyepata alama ndogo akachukuliwa. Bibi Uwilingiyimana aliufuta utaratibu huo, akaagiza kwamba alama za mtihani ndizo ziamue. Yafaa ikumbukwe kwamba yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, na mgawo ule ulitetewa kwa jina la Wahutu walio wengi. Wenye msimamo mkali hawakumsamehe. Mwezi Mei mwaka huohuo watu wenye silaha waliivamia nyumba yake.

Hakurudi nyuma. Julai 1993, siku chache baada ya Bibi Sylvie Kinigi kushika wadhifa kama huo nchini Burundi, aliteuliwa Waziri Mkuu. Chama chake kiligawanyika kwa sababu hiyo, na mkutano wa chama ukamfukuza. Hata hivyo aliendelea na kazi, na mkataba wa amani ukatiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Serikali ya mpito iliyokusudiwa na mkataba huo ilicheleweshwa mwezi baada ya mwezi.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa. Waziri Mkuu ndiye aliyebaki na mamlaka halali ya kuongoza serikali, naye alikusudia kulihutubia taifa redioni. Asubuhi ya tarehe 7 aliuawa pamoja na mumewe, Ignace Barahira. Askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda waliuawa pia. Watoto wake waliokolewa, na Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa miongoni mwa waliowanusuru. Wauaji walitaka pasiwe na sauti halali ya kuyapinga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyokuwa yameanza.

Leo amelazwa katika makaburi ya mashujaa huko Remera, Kigali, na jina lake limo katika daraja la Imena. Wanasiasa watamkumbuka kwa cheo chake. Kwetu sisi tunaosahihisha mitihani, somo lake ni la kila siku: alama anayostahili mtoto ni haki yake, na kuitetea haki hiyo huweza kudai ujasiri mkubwa.