Utata wa Kisintaksia na Ushughulikiaji wa Makosa: Kutoka Kichanganuzi cha Kompaila hadi Uchanganuzi wa Kiswahili na Kiha

Historia ya vichanganuzi vya kompaila ni historia ya maamuzi kuhusu utata. Chukua agizo ambalo bwana shamba wa Buhigwe angeweza kuwapa wakulima wa kahawa: "Mvua ikinyesha, kama miche ipo, pandeni, la sivyo, subirini." Je, "la sivyo" inahusu kukosekana kwa mvua au kwa miche? Wakulima huelewa kutokana na hali iliyopo. Kompaila ina kanuni za sarufi tu. Utata wa namna hii ulijadiliwa sana katika miaka ya 1960, kuhusiana na lugha ya ALGOL 60.

Mwaka 1965, Donald Knuth alieleza mbinu ya LR, ambayo husoma tokeni kutoka kushoto kwenda kulia bila kurudi nyuma. Mwaka 1975, Stephen Johnson wa Bell Labs alieleza yacc, programu inayounda kichanganuzi kutokana na kanuni za sarufi. Kichanganuzi kinapoweza ama kupokea tokeni inayofuata ama kuifunga tungo iliyokwisha kusomwa, yacc huchagua kupokea. Hivyo "la sivyo" huambatishwa na sharti lililo karibu zaidi, yaani miche. Kanuni mbili za kufunga zikigongana, iliyoandikwa kwanza ndiyo hutumika. Uamuzi huo hauzingatii maana, huzingatia mpangilio.

Makosa nayo yana utaratibu wake. Kichanganuzi cha yacc hurudi hadi hali inayokubali tokeni maalumu ya kosa, kisha hutupa tokeni zinazofuata mpaka kipate inayofaa, mara nyingi nukta mkato. Hakihesabu kuwa kimepona kabla ya kupokea tokeni tatu mfululizo, ili kosa moja lisizae taarifa nyingi za uongo.

Utaratibu huo unatosha kwa programu, kwa kuwa mwandishi wake yupo kuisahihisha. Kwa lugha ya watu, njia nyingine ilihitajika. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kujenga SALAMA, mfumo wa kuchanganua Kiswahili. Mfumo huo ulikuja kutumia sarufi ya vizuizi, iliyoasisiwa na Fred Karlsson mwaka 1990. Sarufi hiyo huorodhesha changanuzi zote za neno, kisha huondoa zisizopatana na muktadha. Uchanganuzi wa mwisho hauondolewi. Kwa hiyo sentensi yenye kasoro haitupwi.

Katika Kiswahili, upatanisho wa ngeli husaidia sana. "Shamba la mzee lililouzwa" na "shamba la mzee aliyeuza" hazichanganyiki. Lakini katika "ndugu wa mzee aliyelima hapa", nomino zote mbili zina upatanisho mmoja, na sarufi peke yake haiwezi kumtaja mlimaji.

Hapo ndipo suala hili linapogusa Buhigwe, Kasulu na Kibondo. Kiha, ambacho Guthrie alikipa namba D66, ni lugha ya ngeli iliyo karibu na Kirundi. Ushahidi wa mgogoro wa shamba unaochanganya Kiha na Kiswahili, ukichakatwa kwa mbinu ya kutupa hadi alama inayofuata, unaweza kupoteza neno linalotaja mwenye haki. Mfumo unaofaa kwa nyanda hizi ni ule unaohifadhi maana zote zinazowezekana na kumrudishia msemaji uamuzi.